Picha za Kamau Juu ya Zangu

Kona Baridi, 14 Novemba

Mama mpendwa,

Huku upepo unauma masikio, lakini Mama Sein, mwenye boma ninamolala, hunipa chai ya maziwa yenye harufu ya moshi wa kibuyu yanamohifadhiwa. Nimekuja na kamera ya Kamau wetu kumalizia ile galaksi aliyoshindwa kuipata, akikaa juu ya paa letu Kitengela amejifunika leso yako, taa za mji zikimharibia.

Jana mbingu ilikuwa safi. Mama Sein aliangalia picha yangu ya kwanza akacheka. "Wee kijana, umetoka mbali hivyo kupiga picha ya giza?"

Nikamweleza habari za Kamau, na kwamba kompyuta hulaza picha nyingi moja juu ya nyingine mpaka mwanga hafifu uonekane. Niliweka zangu, kisha zote za Kamau tulizodhani zimeharibika. Galaksi ikatokea, Mama, kama ukungu uliolala upande, katikati mweupe.

"Sasa za marehemu ndugu yako ni zipi?"

"Haziwezi kutenganishwa tena."

Akaniongezea chai.

Nitakuletea picha hiyo uitundike sebuleni. Ukiomba jioni, unitaje pamoja na Kamau.

Mwanao,
Njoroge