Wanaosimama Kutazama

Kampala, Jumatatu

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya huko Wundanyi? Mimi mzima, ila sukari na sabuni zimeadimika. Barua hii sikuitia posta, nimempa fundi wa reli wa kwetu. Ukishasomewa, ichome.

Bado nampigia chapa yule Padre mzee. Anatafsiri maandishi ya Wakristo wa kwanza. Nilidhani ni sala. Kumbe wazee wale waliandika miili ya wakosefu ikiadhibiwa: wasingiziaji wananing'inia kwa ndimi zao, na msaliti mmoja amevimba hata kope zimemfunika macho, mabuu yanamtoka angali hai.

Wiki jana akaingia sajenti tunayesali naye, mtu wa kaskazini, anakaa hapa chini ya kilima cha Kibuli. Alitaka cheti cha ubatizo wa mwanawe. Akingoja, akachukua karatasi mezani, akasoma midomo ikimcheza. Kisha akakaa.

"Nani naambia nyinyi hii maneno?"

"Ni ya kale sana," Padre akasema. "Aliyeandika alikufa zamani."

"Hapana. Huyu ya kuvimba, mimi nabeba yeye. Juzi."

Vidole vilinifia juu ya mashine, Mama. Hapa, kusikia neno kama hilo kunatosha kukupoteza. Padre akafunga mlango. Sajenti akauliza, humo kwenye maandishi wauaji wanafanywa nini. Padre akamsomea: waliouawa huletwa, wakasimama kuwatazama waliowaua wakiadhibiwa.

"Natazama tu? Hapana piga?"

"Wanatazama tu."

Akaondoka bila cheti.

Tulichoma kurasa zote siku ile ile. Padre ameniambia nirudi nyumbani, nami nimekubali. Nangoja kibali cha kusafiri.

Msalimie shangazi aliyenilea, na mdogo wangu anayesomea ualimu. Asije huku kunifuata.

Nilitaka kuishia hapo, lakini sina mwingine wa kumwambia. Jana mchana sajenti alirudi, amevaa kiraia. Alikaa kwenye benchi akikabili dirisha. Halafu akaniambia kwa upole, kama mtu anayeomba maji, "Ndugu, ambia hao watu ya dirisha, wao nasogea kidogo. Wao nazuia mwanga."

Dirishani hapakuwa na mtu. Nje jua lilikuwa kali. Lakini Mama, ilinibidi niwashe taa ndipo nione herufi.

Niombee nifike.

Mwanao,
Zakaria