Silabasi niliyoifunika kwa gazeti

Kitendawili, mwenzangu! Nimelima miezi sita, siku ya kuvuna naambiwa shamba si hili.

Umeshindwa? Ni mtihani wa ukarani serikalini wa mjukuu wangu.

Kila asubuhi nilimkaririsha insha na hesabu za kitabu cha silabasi. Leo amekuta kompyuta tupu! Achape barua kwa dakika kumi, na kompyuta hajawahi kuigusa! Mwakani umri wa kuomba utakuwa umeshampita.

Msimamizi kamwambia, "Dada, silabasi hii ilifutwa miaka minne iliyopita." Miaka minne!

Nikamfokea mjukuu, "Nani alikupa takataka hii?"

Akabandua gazeti nililokifunikia kitabu kisichafuke. Mwaka wa zamani huo hapo jaladani, mkubwa kama bango.

"Ulininunulia wewe, bibi."