Ndagala Niliowapeleka Bijombo

Kalundu, Uvira
Tarehe 28 Aprili 1963

Mpendwa yaya Félicité,

Nakusalimu sana, dada yangu mkubwa, pamoja na shemeji Déogratias na watoto wote. Hamjambo huko Élisabethville? Mgongo wa shemeji umepona, au bado anatembea ameinama? Barua yako ya mwezi wa pili ilitufikia bahasha imechakaa pembe zote. Agathe aliisoma mara mbili kabla ya kunipa, ingawa jina lililoandikwa juu ni langu. Miaka miwili na nusu njia ya posta ya Katanga ilikuwa imefungwa, hatukujua kama mko hai au vipi. Siku ile mke wangu alichinja kuku wa kutaga, na unajua jinsi anavyowapenda kuku wake.

Sisi huku tu wazima. Agathe alishikwa na malaria mwezi wa kwanza, sasa amepona na sauti yake imerudi, anasikika hadi bandarini. Mtoto wetu wa nne alizaliwa mwaka jana, msichana, tukampa jina lako. Utusamehe kwamba hatukuomba ruhusa. Hasira zako anazo zote, na akinyimwa kitu anakunja uso vile vile ulivyokuwa ukitukunjia sisi.

Mambo ya nchi usiyaulize sana kwenye barua. Askari wa kizuizi cha barabarani wanabadilishwa kila mwezi, na kila anayekuja anataka karatasi tofauti na ya mwenzake. Vijana wanafanya mikutano, wanasema uhuru wenyewe bado haujafika. Sisi tunalima, tunavua na tunaomba Mungu.

Sasa kaa kitako, maana habari yangu ni ndefu. Mimi sisimamii tena wapakizi wa bandarini kama kapita wao. Tangu mwezi wa kwanza ndugu yako anavuka mpaka kila Jumatatu kwenda Bujumbura, ambayo wewe bado unaiita Usumbura, kufanya kazi katika ofisi ya washauri wa makampuni. Usijali kama hujui ni kazi gani, hapa Kalundu pia hakuna anayejua. Kampuni ikiona shughuli zake haziendi, inatuita. Tunakwenda, tunakaa na watu wake, tunaangalia wanavyofanya, tunauliza maswali mengi, halafu tunaandika ripoti ya kusema kasoro iko wapi na itengenezwe namna gani. Kisha tunaondoka. Wapakizi wangu wananiita mganga wa makampuni. Agathe anasema shangazi zetu wote wameifanya kazi hiyo maisha yao yote bila mshahara.

Ilianza kwa tangazo lililobandikwa posta. Wabelgiji wengi wa ofisi ile waliondoka, na waliobaki walikuwa wanatafuta watu wa kwetu. Walitaka mtu mwenye diploma. Mimi, kama unavyojua, nina darasa la tano, tena nusu yake.

Najua hapo umeacha kusoma na unafuta macho. Katika kila barua unarudia jambo lile: siku ulipokuja misheni kunitoa shuleni, baba amevunjika mkono, wavu hauna mtu, na wewe mwenyewe una miaka kumi na tisa tu na nyumba nzima mgongoni. Ulinishika mkono tukatembea hadi kwetu Makobola. Miaka kumi na minane unaniomba msamaha kwa ajili ya njia ile. Hata katika barua hii ya juzi umeuomba tena. Basi tulia, usilie kabla sijafika mwisho.

Nilikwenda kufanya mtihani na viatu vya kuazima kwa katekista, navyo vilinibana hadi nikasahau kuogopa. Tulikuwa tisa. Wengi wametoka koleji za Bukavu, mmoja alifika hadi chuo kikuu cha Lovanium. Tulipewa karatasi ya kujaza. Jina, nikaandika. Kazi, nikaandika. Kwenye mstari wa masomo kalamu ikakataa, nikauacha wazi.

Kisha tukapewa swali moja wote. Mchele unatoka Bwegera kwa lori kuja bandarini. Juma hili magunia yanalundikana na kunyeshewa kwa kukosa wapakizi, juma linalofuata wapakizi wamejaa na hawana cha kubeba. Ungeishauri nini kampuni? Wenzangu waliandika kurasa. Huyu anataka kengele, huyu faini kwa wavivu, huyu ghala jipya la matofali. Mimi niliinua mkono nikauliza mwezi ulikuwa na ukubwa gani angani katika majuma hayo.

Walicheka, yaya. Herménégilde, mtu wa Burundi aliyekuwa akisimamia mtihani, alicheka kuliko wote. Mkubwa wa ofisi, Mbelgiji mzee mwenye miwani minene, hakucheka. Amezeekea huku na Kiswahili chetu anakijua.

“Weye unaulizia mwezi juu ya nini?” akasema.

Nikamweleza kile ambacho mtoto yeyote wa Makobola angemweleza. Mwezi ukiwa mkubwa, ndagala, samaki wale wadogo, hawaifuati taa, mitumbwi inapumzika, na wavuvi wote wanakuja bandarini kutafuta mzigo wa kubeba. Giza likirudi wanarudi ziwani, na mchana wanalala. Hakuna mvivu pale. Lete mchele wakati wa mbalamwezi, utapata mabega mengi kuliko magunia. Mzee akatoa kalenda yenye miandamo ya mwezi, akaiweka kando ya karatasi za kampuni, akazitazama kwa muda mrefu. Siku ya pili wakaniita peke yangu. Walinipa miezi mitatu ya kujaribiwa. Ukapita wangu ulichukuliwa na mtu mwingine siku hiyo hiyo, kwa hiyo kama ningeshindwa, ningerudi nyumbani sina hiki wala kile.

Miezi hiyo sitaisahau. Kifaransa changu ni cha kupakua meli, nao wanakiandika kama wanashona lesi. Nilikuwa nikiandika ripoti, Herménégilde anairudisha imejaa wino mwekundu, na juu yake ameandika kwamba mtu wa samaki arudi kwenye samaki. Nilimchukia kwa majuma kadhaa. Siku hizi tunakula pamoja mchana, nitakueleza siku nyingine ilivyokuwa.

Mwezi wa tatu ndio ulikuwa wa mwisho, na kazi waliyonipa ilikuwa ya kunipima. Mfanyabiashara mmoja amejenga nyumba ya kutengeneza jibini huko juu Bijombo, kwa wafugaji. Ng'ombe ni wengi, nyasi ni nzuri, bei yake ni ya haki, lakini watu hawamletei maziwa. Mwanzoni walileta, kisha wakaacha mmoja mmoja, na ukiwauliza wanasema ng'ombe hawatoi. Yeye alikuwa ameshaamua kwamba ni watu wa kiburi. Nikaambiwa nipande nikaone, na nikirudi bila jibu nisijisumbue kuvaa viatu vya katekista tena.

Tulipanda siku mbili, mimi na Gakwaya, kijana wa huko juu aliyekuwa mkalimani wangu. Baridi yake huijui. Tulipokelewa na mama mmoja mzee anayeitwa Nyirakamana, mwenye zizi kubwa kuliko yote ya kilima kile. Alitukaribisha vizuri, akatandika mkeka, akaanza kuteremsha chombo cha mti chenye maziwa. Na mimi, kwa heshima yote, nikafungua mfuko wangu nikamwekea mbele zawadi niliyoibeba kutoka Kalundu: kifuko cha ndagala wakavu, wa daraja la kwanza, Agathe aliwachagua mmoja mmoja.

Wewe ndiye uliyenifundisha nisiingie nyumba ya watu mikono mitupu. Kwetu zawadi gani nyingine ingekuwepo?

Yule mama alirudisha chombo mahali pake. Akawaita wakwe zake, wakatoa vyombo vyote vya maziwa nje, kimoja kimoja, kama nyumba inawaka moto. Hakuna aliyenitukana. Waliendelea kunipa viazi na uji, wakanitandikia pa kulala, lakini siku mbili nzima hakuna mtu aliyejibu swali langu hata moja, na kikombe cha maziwa sikukiona tena. Nilijiona nimekwisha. Nilikaa juu ya jiwe nikawaza jinsi nitakavyomwambia Agathe.

Gakwaya alikuwa ameona haya kunieleza, mwisho nikambana.

“Grand frère, kaka yangu, weye ulileta samaki mu nyumba ya maziwa,” akasema. “Huku hatukule samaki. Ikigusa maziwa, ngombe inakauka matiti. Mama anasema weye haukujua, lakini anaogopa.”

Niliona aibu ya kweli, yaya. Nilikipeleka kifuko chini kabisa bondeni, nikawapa wapita njia, nikaoga kwenye mto wa baridi ile hadi meno yakagongana, nikarudi kumwomba mama radhi kwa magoti. Alinitazama, akasema neno, na wakwe zake wote wakacheka.

“Anataka miye niseme hivi,” Gakwaya akaniambia. “Kama nyinyi ba Uvira munapenda maziwa yetu, juu ya nini munapanda mulimani pamoja na samaki yenu kila juma?”

Nikamuuliza samaki gani, maana kifuko changu kilikuwa kimoja. Ndipo akaeleza. Wachukuzi wa yule mfanyabiashara ni watu wetu wa ziwani. Wanashuka na jibini ndani ya bidoni, madebe ya kukusanyia maziwa, kisha wanapanda nazo tupu. Na mtu wetu akiona bidoni tupu yenye mfuniko mzuri, katika mvua ya mlimani, unadhani ataweka nini ndani? Wanazijaza ndagala wa kuuza kwenye vijiji vya njiani. Wakifika juu wanaziosha kwa sabuni mara tatu, wanaona zimetakata. Hata mimi ningefanya vile vile, na ningejisifu kwa akili. Wafugaji walinusa, wakanyamaza, wakaacha kuleta maziwa. Kumwambia mgeni kwamba chombo chake kinanuka wanaona ni kukosa adabu.

Basi ripoti yangu ilikuwa fupi. Bidoni mpya zinunuliwe, zikae huko juu, zisishuke hata siku moja. Zijazwe na kuoshwa na watu wa huko huko. Wachukuzi waendelee na ndagala wao kwa vikapu, waishie bondeni, na jibini waipokelee hapo. Niliandika pia habari ya kifuko changu yote, pamoja na vyombo vilivyotolewa nje, kwa sababu bila kosa lile sikuwa na jibu. Niliipeleka ofisini. Herménégilde aliisoma akacheka hadi akavua miwani, lakini safari hii hakuweka wino mwekundu. Mzee aliisoma mara mbili, akaiweka ndani ya mtoto wa meza.

Hawakuniambia kitu kwa majuma matatu. Nilikuwa navuka mpaka kila Jumatatu nikifikiri ndiyo ya mwisho, na Agathe alikuwa ameshaanza kuulizia kazi za kukausha samaki. Jumatano ya tarehe 17 Gakwaya alishuka Uvira na ujumbe wa Nyirakamana. Maziwa yamerudi, bidoni hazitoshi, na mama anauliza lini nitakwenda kunywa kikombe changu ambacho sikukinywa. Siku ya Ijumaa mzee aliniita, akanipa mkono, akasema nimebaki.

Niliporudi nyumbani nilimpa Agathe habari hiyo. Aliingia jikoni, na nilimsikia akilia huko peke yake.

Nisalimie shemeji, na uwaambie watoto wako kwamba mjomba wao anawawaza. Wazee wa Makobola wote wanakusalimu. Baba mkono wake bado unamuuma mvua ikikaribia, naye anasema mkija mje na sabuni. Tina, jirani yenu wa zamani, amepata mapacha.

Ndani ya barua hii utakuta kadi ndogo ngumu. Kila mshauri wa ofisi anachapiwa za kwake za kuwapa watu: jina, kazi, na chini yake mahali aliposomea. Ya Herménégilde ina koleji yake, nyingine zina Lovanium na Louvain. Mpiga chapa alinipa karatasi nijaze, na nikaukuta tena mstari ule ule ulionishinda siku ya mtihani. Nilifikiri mambo yote mawili niliyowajibu hawa watu. La mwezi nililijua kwa sababu ya wavu wa baba. La maziwa nililipata kwa sababu ya zawadi uliyonifundisha kubeba. Nikaandika Makobola. Jana mfanyabiashara mmoja aliitazama kadi hiyo kwa heshima kubwa, akaniuliza kama shule hiyo ni ya mapadri. Nikamwambia hapana, ni ya dada yangu.

Mungu awalinde katika nyumba yenu, na njia zisifungwe tena kati yetu. Na huo msamaha, yaya, usiniombe tena.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye sana,

Evariste