Kitufe Nilichobonyeza Mimi

Jumatano, baada ya mazoezi

Sikusema. Kwaya nzima imemcheka Mwalimu Neema, aliyehamia hapa Lundo kutoka Singida, na mimi niliyeharibu nimecheka nao.

Jumapili, nyumbani kwake, alikuwa akipanga wimbo nilioutunga kwenye kompyuta: nota juu, beti tatu chini, kila silabi chini ya nota yake. Akatoka kuchota maji. Mimi niliyeishia darasa la nne nikabonyeza kile kitufe kirefu nione kinafanya nini. Ubeti wa pili wote ukasogea nota moja mbele. Aliporudi sikumwambia. Akachapa karatasi bila kuangalia tena.

Leo ubeti huo umetuangusha. Akina mama wa sauti ya pili walifuata karatasi kama walivyofundishwa, sisi wa besi tukafuata masikio. Mwenyekiti wa kwaya akauliza, "Mwalimu, huko kwenu ndivyo mnavyoimba?"

Nami, mdomo huu, nikaongeza, "Huko labda wanaanzia kwenye amina." Watu wakaangua kicheko.

Jioni nimempelekea usipa, nikidhani samaki watasema kwa niaba yangu. Nimemkuta anarudisha silabi moja moja, macho mekundu.

"Shikamoo babu. Umekuja wewe tu."

"Marahaba mwanangu." Nikamnyoshea usipa.

Akaupokea kwa mikono miwili. Afadhali angenimwagia.

Kesho, kabla hajaenda shule, narudi mikono mitupu kumwambia. Kisha mbele ya kwaya. Akikubali, nitamsomea maneno huku akiyapanga, mikono yangu nikiwa nimeikalia.