Kasa Tatu

Braza Sefu,

Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa: nimekukasirikia. Mungu akulaze pema, hilo nalisema kwa moyo wote, lakini kitu ulichoniachia siyo cha kumwachia mtu mwenye akili zake timamu.

Ile programu ya kuandikia uliyomtengenezea mama yako ndiyo ninayoisema. Ile ya maherufi makubwa kama ya bango la barabarani, kwa sababu macho yake yamechoka. Uliisumbukia mwaka mzima pale dukani kwetu Rangi Tatu huku kompyuta za wateja zimelala foleni na mie ndiye ninayetukanwa. Na kitu ulichokuwa unajisifia kuliko vyote ni kimoja. Mama akifunga leo na kufungua kesho, kile kimstari kinachopepesa, sie mafundi tunakiita kasa, anakikuta palepale alipoishia. "Asihangaike kutafuta," ulikuwa unasema. "Afungue, aendelee."

Basi haendelei.

Wiki moja baada ya kukuzika aliniita nyumbani. Nikamkuta sebuleni, laptopu juu ya stuli, kanga ya msiba bado mabegani. Alikuwa ameanza kukutungia utenzi, Sefu. Anataka usomwe kwenye hitma ya arobaini yako, watu wa Kimbiji na wa Mbagala wote wausikie. Kaandika kwa kidole kimoja siku saba, kila siku kidogo, na hajui kilichotoka, maana kusoma tena alichoandika kunamuumiza kichwa. Akaniomba nimsomee.

Nilitamani ardhi ipasuke. Kuna ubeti mmoja wa kuwashukuru waliochimba kaburi, mzuri, umetulia. Katikati yake, pwaa: "Kikombe nimekipanga." Ubeti wa kuwapokea wageni kutoka Kimbiji, ndani yake kuna sanda. Kila mstari umeangukia kwenye nyumba ya jirani. Nikasoma mpaka mwisho kwa sababu alisema nisiruke.

Halafu akasema, taratibu, "Zawadi, mwanangu anayakataa maneno yangu. Hataki nimlilie." Nikamwambia hapana Mama, hiyo ni mashine tu. Akaniuliza, "Na mashine kaitengeneza nani?" Akasema kama mpaka arobaini hujakubali, ataufuta wote na hataandika tena.

Kwa hiyo nilikuwa na mwezi mmoja wa kumthibitishia mama yako kwamba hukumkataa. Hata aibu hukunionea.

Nikaiweka programu yako kwenye mashine yangu ya dukani. Inatembea safi. Nafunga, nafungua, kasa katulia pale nilipomwacha. Nikajikuta nasema kwa sauti "Mbona kwangu inafanya kazi?" na nikageuka kuangalia kiti chako, maana mtu akisema hivyo ulikuwaga unamtoa nje akapigwe na jua kwanza. Kiti kilikuwa na kava la printa juu yake. Nililia kidogo, nikaendelea.

Nikawasha debaga, ile programu ya kuchungulia mwenzake akiwa kazini, uliyoibatiza mpelelezi. Hapo hapo kasa akashuka chini. Nikaizima, akatulia. Nikaiwasha, akashuka tena. Nikasema ahaa, mpelelezi kamuona mwizi, ngoja nimfuate. Nilimfuata siku kumi na mbili, Braza! Mstari kwa mstari, kwenye mafaili yako yasiyo na maelezo hata ya dawa, wewe uliyekuwa unanigombeza kila siku, "Zawadi, andika maelezo, kuna kufa na kupona." Umekufa sasa. Maelezo yako wapi?

Yalikuwepo. Moja. Programu nzima, maelezo ni mstari mmoja tu: "Mpelelezi akiwepo, kasa tatu."

Yaani nilifurahi! Nikasema Sefu huyo, kaniachia ufunguo. Kasa tatu. Kumbe mpelelezi akiingia vimstari vinakuwa vitatu, viwili vimejificha, na Mama anaandika kwenye kile cha uongo. Nikaanza kusaka kasa wa pili na wa tatu. Sikumpata hata mmoja. Nikajiambia wamejificha vizuri, fundi kama Sefu hawezi kuandika kitu cha bure. Nikaandika kanuni zangu za kuwafuta, nikaenda kuziweka kwenye laptopu ya Mama bila kuzijaribu vya kutosha. Hapo najilaumu mwenyewe. Kesho yake akapoteza ubeti mzima. Ulikuwa ubeti wa ulivyozaliwa. Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru.

Nilirudisha kila kitu kama ulivyokiacha, nikakaa nakutukana kimoyomoyo. Samahani. Siyo sana.

Halafu ile asubuhi. Nilipita kumwambia Mama ukweli kwamba nimeshindwa, kwamba kama anataka nitamwandikia kwa mkono kwenye daftari. Maneno yalikuwa mdomoni. Alikuwa anatia ubani kwenye chetezo, akahesabu kwa vidole, akasema zake tu, wala hakuwa anasema na mie: "Leo arobaini kasa tatu."

Nikamwambia, "Mama, umesemaje?"

"Arobaini kasa tatu. Siku ya thelathini na saba. Nyie watoto, kila siku mnasema saa mbili kasorobo, hamjiulizi hiyo kaso imetoka wapi? Ni kasa robo. Ni kupungua robo."

Nikakaa chini, kwenye sakafu, na sketi yangu ya kazini. Sie watu wa Newala kasa tunamjua yule wa baharini, tena kwa picha, na mie nikaongeza wa kwenye kompyuta. Huyu wa tatu nani alinifundisha? Wewe ulimnyonya kwa bibi yako Kimbiji, ukamwandika kwenye programu kana kwamba dunia nzima imelelewa Kimbiji. Toa tatu! Hukumaanisha kingine. Mpelelezi akiingia anaweka mistari yake mitatu juu kabisa ya ukurasa, Mama haioni, na programu inaihesabu kama ya Mama. Kwa hiyo kila akifungua, kasa yuko mistari mitatu chini. Mwizi alikuwa ndiye mpelelezi mwenyewe. Na wewe ulimwacha amewashwa kwenye laptopu ya mama yako, kwa sababu homa ilikukuta Alhamisi ukiwa katikati ya kazi, ukaandika dawa kwa kifupi ili uje umalizie Ijumaa.

Kwa nini hukuandika "toa"? "Punguza"? "Ondoa"? Kiswahili kilikunyima nini, Sefu?

Nilimzima mpelelezi palepale. Nikamwambia Mama, mwanao hakukataa. Aliona tatizo kabla yetu, akaandika na dawa yake, mie ndiye sikujua kusoma. Akataka nimsomee ulivyoandika. Nikasoma. Akataka tena. Mara ya tatu akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tukuzike, akasema, "Maneno ya bibi yake hayo," akavuta stuli. Alikuwa na siku tatu. Alizitumia zote, na mie nikakaa pembeni nikimsomea kila mstari unapokaa.

Ulisomwa, Braza. Aliusoma binti mmoja wa madrasa anayofundisha Mama, sauti kavu, hakuyumba hata mara moja. Huu ndio ubeti uliowaliza wajomba zako:

Sefu mwana wa kuringa
Mlango sijaufunga
Kikombe nimekipanga
Hata kama huji tena

Umekaa mahali pake. Nilihakikisha.

Sasa nisikilize, halafu nikuache upumzike. Duka nimelifungua, kiti chako nimekitoa lile kava. Mstari wako sitaufuta. Chini yake nimeandika wangu, kwa Kiswahili cha kila mtu, kwamba kasa hapa maana yake ni kutoa, ili atakayekuja asikae siku kumi na mbili anasaka kasa wasiokuwepo. Na nakuahidi kila ninachokitengeneza kuanzia leo nitakiandikia maelezo kama mtu anayeweza kufa Ijumaa.

Mama hajambo. Kila alasiri nikipita ananiwekea chai. Anapanga vikombe vitatu kama zamani: changu, chake na chako. Jana nilitaka kukirudisha chako kabatini, akanishika mkono, akasema kiache. Tukanywa. Nilivihesabu vile vikombe mara mbili, na kwa mara ya kwanza nikahesabu kama nyie watu wa Kimbiji.

Tuko watatu kasa mmoja.

Lala salama, Braza.

Zawadi wako