Mtoto wa Watu Harukwi

Alhamisi, 19 Juni

Zamu ya asubuhi. Miguu imevimba. Nimerudi na kukuta nyumba nzima inanuka ndizi za kuchemsha. Mama anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Katoka Rombo na ulezi wake, basi hadi Dar, kisha Nyamisati, kisha boti, na kile kifurushi hakukiachia mtu. Kipaimara cha Prosper ni Jumapili, na kwa Mama sherehe bila mbege ni mkutano tu.

Nimekwenda kumwambia Bi Zuhura, mwenye nyumba wetu. Milango yetu inatazamana, ua ni mmoja. Sikutaka harufu imfikie kabla yangu. Kasema tupike, kila mtu na dini yake, ila pipa lisikae karibu na kisima. Mbuzi atachinjwa na mpwa wake ili na wao wale bila wasiwasi. Soda za kutosha nimeagiza. Nimefikiria kila kitu. Najisifu.

Bila huyu mama sijui ningeishije Kilindoni. Nilipohamishiwa hapa Prosper alikuwa hajajua hata kufunga kamba za viatu. Zamu za usiku zote kalala kwa Bi Zuhura, kala kwa Bi Zuhura. Kakua na binti yake, Nasra. Sasa wote wana miaka kumi na minne na wanagombania chaja.

Jumapili, 22 Juni

Misa ndefu. Prosper kapendeza, kola ya shati inambana. Wageni wamekuja wengi: walimu, wauguzi wenzangu, majirani. Baba yake yuko masomoni Dodoma, kapiga simu tu. Mama kajichotea kwanza, kaonja, ndipo akampa Prosper kata mbele ya watu wote. Kamwambia leo amekuwa mkubwa, anywe na wakubwa. Tukapiga makofi. Kisha mimi nikarudi jikoni na sikutoka tena hadi wageni walipoanza kuaga.

Baada ya magharibi, hodi. Bi Zuhura. Hakutaka kuingia. Nasra katapika chuoni, juu ya mkeka, mbele ya ustadhi na watoto wenzake. Mdomo unanuka pombe.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kampa mwanangu?"

Nilijua jibu kabla sijageuka kumtazama Mama.

Jumatatu, 23 Juni

Sikulala. Nimemkalia Mama kooni tangu alfajiri. Hakukana hata kidogo. Watoto walikaa kwenye benchi moja, anasema, na Nasra alikuwa katikati yao. Wa kushoto kampa, wa kulia kampa. "Ningemrukaje? Mtoto wa watu harukwi. Kumruka ni kumwambia wewe si wetu." Nikamwambia hawa ni Waislamu. Kasema alijua, lakini alidhani asiyetaka atakataa, kama kwao Rombo.

Prosper kanieleza yaliyobaki. Nasra kamwamkia bibi, bibi kaitikia na kumpa kata kwa mikono miwili. Nasra kanusa. Kamtazama Prosper. Halafu kanywa yote, mpaka chini. Kwa sababu Bi Zuhura kamfundisha tangu anatambaa kwamba mkono wa mkubwa haurudishwi, na ukipewa usibakize.

Kwa hiyo mmoja kaogopa kumkosea adabu mtoto, na mwingine kaogopa kumkosea adabu bibi. Adabu mbili zimekutana benchi moja na sisi tumeumbuka. Nimekasirika. Sijui nimkasirikie nani.

Jumanne, 24 Juni

Mambo yamekuwa makubwa. Marehemu mume wa Bi Zuhura ana kaka yake, Mzee Seif, mwenye mashamba ya minazi. Kaja na vijana wawili, kasimama uani, kasema binti wa ukoo wao kaleweshwa na atakwenda polisi. Anataka Mama akamatwe. Mama ana zaidi ya miaka sabini na presha. Nimemwona kichwani mwangu kakaa kwenye sakafu ya mahabusu na kitenge chake cha kipaimara.

Kazini nimemuuliza bwana mmoja wa ustawi wa jamii. Nimejifanya namuulizia mgonjwa. Kanitazama, kajua. Kasema kumuuzia pombe aliye chini ya miaka kumi na minane, hilo ni kosa, halina mjadala. Kumpa nyumbani, bure, kwenye sherehe? Hapo watu wa sheria wenyewe watabishana, lakini mtoto analindwa asidhuriwe popote alipo, na mzazi wake akilalamika polisi hawatakosa kifungu.

Nikauliza, na ukimpa wa kwako, ndani kwako? Kasema wa kwako nani atalalamika.

Nimerudi kwa miguu. Sikutaka kuongea hata na bodaboda.

Alhamisi, 26 Juni

Ua umekufa. Bi Zuhura anafagia upande wake na kuishia mstari wa katikati, mstari ambao jana haukuwepo. Nasra haonekani. Hodi zangu zinajibiwa na mdogo wake: mama kalala. Mama wa watu halali saa nne asubuhi.

Naona aibu. Pia naogopa, niseme ukweli. Si nyumba; nyumba za kupanga zipo. Namwogopea Mama. Na naogopa kumpoteza yule mwanamke.

Ijumaa, 27 Juni

Mama kaenda mwenyewe. Kwetu anayeomba radhi hushika jani la isale, na ukiletewa isale hukatai. Kaulizia mtaa mzima, hakuna anayelijua. Kavuka ua mikono mitupu, mimi nyuma yake kama mtoto aliyeitwa ofisini. Mzee Seif alikuwepo. Mama hakujitetea. Kasema kampa mtoto wao kitu bila kuwauliza, kakosa, na kama ni polisi basi wampeleke yeye, si mimi. Kisha akataka kupiga magoti.

Bi Zuhura kamdaka kabla hajafika chini. Kamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kamwambia shemeji yake kwamba mtoto ni wake na yeye ndiye mlalamikaji, na halalamiki tena. Mzee Seif kaondoka bila kuaga. Nikalia. Nilidhani yamekwisha.

Bi Zuhura akanisindikiza mlangoni, kanishika mkono.

"Wangu mmemlilia mtaa mzima," kasema. "Na wako je, Mama Prosper? Si kanywa pipa hilo hilo?"

Mimi muuguzi. Wiki nzima hakuna aliyemuuliza Prosper kama kichwa kilimuuma. Mama hakumuuliza, baba yake hakuuliza, mimi nilimuuliza habari za Nasra tu. Kaka yangu Deo naye alipewa kata yake siku ya kipaimara, akapigiwa makofi. Leo anaamka na pombe na kulala nayo, na nyumbani tunasema Deo kalogwa.

Jumapili, 29 Juni

Mama kaondoka jana na boti. Bi Zuhura kamfungashia kashata za njiani. Nasra kaja hadi getini, kamwamkia, kakaa mbali kidogo.

Mchana nimekaa kibarazani na Prosper, tunamenya mihogo. Nikamuuliza siku ile alijisikiaje. Kasema wageni walipokuwa wanaondoka alichota tena mwenyewe, mara mbili, hakuna aliyemwona.

"Niliipenda, Mama. Na kesho yake nikaitamani."

Sikumgombeza. Nimemwambia kafanya vizuri kunieleza, na kwamba nilitakiwa nimuulize siku ile ile. Nikamweleza habari za mjomba wake Deo, bila mchawi. Kasikiliza yote, kisu mkononi.

Kauliza kama nitamwambia baba yake. Nimesema tutamwambia wote wawili akirudi. Kasema sawa. Kavuta kigoda chake karibu na changu, tukaendelea kumenya.