Penalti Uliyoninyang'anya

Nkwabi,

Tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako wewe uliye mbali. Leo siwezi. Wewe uliye mbali huna hofu tena, hofu yote umeniachia mimi, na nimechoka nayo. Kwa hiyo sikusalimu. Nina hasira na wewe, tena hasira ya kweli, na ungekuwa hai ningekufuata mpaka kwenu nikutandike kwanza, ndipo tusalimiane.

Nianze na Rulenge, maana ndiko ulikoanza kuniharibia.

Unakumbuka. Mpira unakaribia kwisha, wao moja, sisi moja. Beki wao akampiga ngwara winga wetu ndani ya kumi na nane, refa akapuliza filimbi, penalti. Mpigaji wa penalti wa chuo chetu cha ualimu alikuwa nani? Mimi. Namba kumi alikuwa nani? Mimi. Mpira ukitoka kwa kipa ulikuja kwangu kwanza, mimi ndiye niliyeamua uende kulia au kushoto, na wewe namba tisa kazi yako ilikuwa kukaa huko mbele unangoja uletewe, kama ng'ombe anayengoja chumvi. Nikauchukua mpira, nikauweka kwenye alama ya majivu. Watu wa Rulenge walikuwa wamejaa mpaka kwenye mstari, wanapiga madebe, wanapiga kelele kwamba mguu wangu unatetemeka. Na kweli ulikuwa unatetemeka, sikatai. Nikarudi nyuma, nikasimama, nikavuta pumzi.

Nilikuwa navuta pumzi, Nkwabi! Tangu lini mtu anayevuta pumzi akawa ameshindwa?

Ukaja. Ukaniwekea kiganja kifuani, ukasema, "Lete hapa, nyanda," yaani kijana, kwa Kisukuma chenu. Ukapiga wewe, ukafunga, wakakubeba juu juu kuzunguka uwanja. Mimi nikabaki pale kwenye majivu napiga makofi.

Jioni kwenye lori ulinikatia kipande cha muwa, ukaniambia nisijali, goli ni la wote. Najua uliona umenisaidia, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mtu akikufanyia ubaya kwa makusudi unamchukia, basi, yamekwisha. Wewe ulinifanyia kwa wema, sasa nikuchukie vipi? Nimejaribu. Inanishinda, halafu nakasirika upya.

Tangu siku ile mpira ukinifikia mguuni nilikuwa nasikia hatua zako nyuma yangu. Nikawa natoa pasi kabla sijaangalia, bora tu mpira uondoke. Bweni zima likanibatiza jina, "Lete Hapa". Mwalimu wa michezo naye akawa haishi kusema, "Deo, ungekuwa na moyo kama wa Nkwabi!" Wakati ule tulicheka wote wawili. Wewe ulicheka zaidi.

Kisha nduli akavuka mpaka akavamia Kagera, na habari za mpira zikaisha. Malori ya jeshi yakawa yanapita kutwa, vumbi mpaka kwenye sufuria za jikoni. Mchakamchaka wa asubuhi, ule tuliokuwa tunaukimbia huku tumesinzia, ukageuka kitu cha kweli, na zile bunduki zetu za miti hakuna aliyezicheka tena. Baba yako akatoa dume zima kwa ajili ya askari. Kwetu Murusagamba mama alitoa ndizi na maharage, akaniandikia kwamba amenyamaza tu, hana usingizi.

Halafu akaja yule afisa. Tulipangwa mstari kwenye uwanja wetu wenyewe wa mpira, wote tuliofaulu mgambo. Akasema anataka wa kujitolea, na nafasi alizobakiza ni chache, mwenye nia apige hatua moja mbele. Mimi nilikuwa kushoto kwako. Nilikuwa natazama vidole vyangu vya miguu kwenye kandambili, najiuliza vitafanya nini. Ukaniwekea kiganja kifuani. Palepale, mahali pale pale! "Wewe kaa, nyanda. Kwenu uko peke yako." Ukapiga hatua. Walipofika hesabu waliyoitaka, afisa akasema inatosha.

Kwetu niko peke yangu, ni kweli. Na mama yako je? Yeye alizaa watoto wa kutupa? Nani alikuweka kuwa mgawaji wa wana wa watu, huyu aende, huyu abaki?

Watu huniuliza kama siku ile nilikuwa nataka kwenda. Huwa nawajibu ndiyo, au nawajibu hapana, inategemea wamekaaje. Ukweli ni kwamba sijui. Pengine ningepiga hatua. Pengine ningesimama kama kisiki mpaka lori liondoke, nikaishi na aibu yangu. Lakini ama lile ama hili lingekuwa langu. Ulininyima nafasi ya kujua mimi ni mtu wa namna gani, ukapanda lori unapunga mkono na kuimba. Kuimba, Nkwabi! Na sauti yenyewe ile!

Hukurudi. Waliorudi walisema ni ng'ambo ya mpaka, kwenye majani marefu, na kwamba mlizikwa huko huko. Zaidi ya hapo kila mmoja ana hadithi yake, nimeacha kuuliza.

Sasa nikueleze matanga yako, maana hukuyaona, na ninataka uaibike.

Unakumbuka baba yako alivyokuwa akisema Wasukuma na sisi Wahangaza ni watani tangu zamani? Baba yangu alikataa, alisema Msukuma humwita mtani mtu yeyote mwenye mkungu wa ndizi. Sisi tuliuchukua utani hivyo hivyo, tukautumia miaka yote ya chuo. Wewe ukiita mpira "mpila" nakusema mpaka kengele ya kulala. Na ukanipa kazi: ukitangulia kufa, nije msibani nikutukane mbele ya watu, kama mtani anavyotakiwa, nilale njiani, nidai haki yangu, wafiwa wacheke kidogo ugali upite kooni. Ulisema nikija kimya utaamka.

Nilikuja, Nkwabi. Nilitembea na baiskeli ya kuazima ikaniharibikia, nikafika nimejaa vumbi. Hapakuwa na jeneza. Palikuwa na kigoda, na juu ya kigoda shati lako la chuo limekunjwa vizuri. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba, na watu wakasogea kunipisha katikati, maana walijua mimi ni nani. Mama yako akainua uso akaningoja. Nilikuwa na matusi tele niliyoyatunga njiani. Nilisimama mbele ya lile shati nikawa sina hata neno moja.

Unajua kilichotokea? Mzee mmoja, mtani wa ukoo wenu kutoka kijiji cha pili, akanishika bega kwa huruma, akanisogeza kando, akapiga yeye. Akakutukana vizuri sana, watu wakacheka, chakula kikalika. Na mimi nikacheka pamoja nao, nimesimama kando. Wakati naaga, mama yako alinishika mkono akasema neno moja tu: "Mimi nilidhani mtani wake ni wewe."

Nilirudi chuoni na hilo neno. Sijamweleza mtu.

Mambo mengine yaliyobadilika ni haya. Vita imekwisha, wanasema tumeshinda, na sabuni hakuna. Tunafulia maji ya majivu, tunakula unga wa yanga, ule wa manjano, wewe uliyependa uji mweupe usingeugusa. Kitanda chako amepewa kijana wa mwaka wa kwanza anayekoroma. Njumu zako amepewa winga, anazijaza magazeti zimkae. Mkuu wa chuo alitusimamisha mstarini akahutubia, akakuita shujaa, akasema tuige mfano wako. Huyo huyo aliyekuchimbisha shimo la choo kwa kuchelewa mchakamchaka! Nilitaka kumwuliza kama anajua hata jina la baba yako. Nikanyamaza, na hilo nalo likanikera.

Yeye ndiye aliyewaalika Rulenge waje kucheza kwa kumbukumbu yako. Walikuja wengi, na madebe yao yale yale. Kabla ya mpira walitutaka tusimame kimya kwa heshima yako. Mimi nilikuwa nakutukana moyoni.

Nilicheza vibaya. Wakatufunga moja, na watazamaji wetu wenyewe wakaanza, "Lete Hapa! Lete Hapa!" Karibu na mwisho, winga mwenye njumu zako akaangushwa ndani ya kumi na nane. Refa akaonyesha alama ya majivu.

Nikauchukua mpira. Nilikuwa najua kitakachofuata, na kikafuata. Jovini, beki wetu wa kushoto, ambaye ndiye nahodha sasa, kijana mzuri, hana neno na mtu, akaja mbio amenyoosha mkono. "Lete, Deo." Nyuma yake uwanja mzima, mpe Jovini, mpe Jovini. Mwalimu wa michezo naye akaingia mpaka ndani ya mstari ananionyesha nimpe. Mkono wa Jovini ukanigusa kifuani.

Nikamwambia toka. Hakutoka. Nikamwambia neno jingine ambalo mwalimu mtarajiwa hatakiwi kulijua, akatoka.

Mguu ulitetemeka vilevile, usidhani. Nikarudi nyuma, nikavuta pumzi, na safari hii hakuna aliyekuja. Nikapiga.

Kipa akaudaka. Wala hakuruka. Mpira ulimfuata alipo, akaukumbatia kifuani.

Nilisikia uwanja ukiguna, kisha madebe. Nikangoja kufa, maana siku zote nilidhani nikikosa mbele ya watu wale nitakufa. Sikufa. Nilikuwa nimesimama, jasho linaingia machoni, na mguu umeacha kutetemeka. Nimekosa mimi, kwa mguu wangu mwenyewe! Kipa wetu alipopata mpira nikamwita anipe. Alisita, akatafuta mwingine wa kumpa, nikamfokea, akanipa. Na kwa mara ya kwanza tangu Rulenge niliinua kichwa nikaangalia kabla ya kutoa pasi. Tulifungwa hiyo moja bila. Jovini hajasema na mimi mpaka leo.

Asubuhi yake, baada ya misa, nilichukua njia ya kwenu. Nilifika jioni, nikamkuta mama yako uani anakata viazi vya michembe, na jirani wawili wanamsaidia. Sikupiga hodi. Nilijilaza kwenye mlango wa zizi, chali, nguo zangu za kanisani, nikaanza kukutukana kwa sauti ya juu. Tusi la kwanza halikuchekesha. Nililitoa vibaya, jirani mmoja akasimama akidhani nimelewa rubisi. La pili nalo likaanguka. Nikaendelea tu. Nikasema mnalia nini, mnadhani alikwenda kupigana? Msukuma gani anakwenda vitani? Alisikia ng'ambo kuna ng'ombe wenye pembe ndefu, akaenda kuswaga! Sasa amewakuta, hajui njia ya kuwarudisha, na kuuliza anaona haya kwa sababu ya hiyo lafudhi yake!

Mama yako akaweka kisu chini. Akacheka mpaka akajishika mbavu, akacheka mpaka machozi, kisha kicheko kikaisha machozi yakaendelea, na wale jirani wakamshika. Mimi nililala pale pale, nikalia na vumbi la zizi mdomoni. Baadaye alikuja akanisimamia, akasema, "Umechelewa, mla ndizi we. Toka njiani, ng'ombe wanarudi." Akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu chako.

Nilidhani nikishakutukana hasira itakwisha. Haijakwisha. Nikila nakasirika, nikiona lori nakasirika. Ulinipenda, najua, na ulinipenda kwa kunifanya mdogo, na sasa hupo nikakwambia usoni. Rafiki gani anafanya hivyo? Nani alikuomba, Nkwabi? Nani alikuomba?

Basi sikiliza ahadi yangu. Mama yako nitamwendea kila likizo, nitakutukana mbele yake mpaka aseme imetosha. Nitakapopewa shule yangu, mtoto akitetemeka mbele ya ubao nitamwacha atetemeke, nimngoje. Na penalti nyingine ikitokea naipiga mimi. Nikikosa, nitaipiga na inayofuata, wazomee wanavyotaka.

Sasa lala, huko kwenye majani marefu walikokufukia bila mtani. Nimekwisha kutukana, kwa hiyo huna sababu ya kuamka. Na siku yangu ikifika, nikikukuta unaningoja mlangoni, nisalimie vizuri, nitaitikia. Lakini usije ukaniwekea mkono kifuani. Nitapita mwenyewe.

Mtani wako,
Deo